Dume kwa Msimu: Mazingira na Upandanaji wa Krasteshia Wadogo wa Maji Baridi

Mtu akichota maji ya kidimbwi katika chupa ya kioo na kuyainua kwenye mwanga, aghalabu ataona vitone vidogo vinavyopanda na kushuka kwa mikupuo, kama vumbi lililopata uhai. Wengi wa viumbe hao ni krasteshia, yaani wanyama wa ukoo mmoja na kaa na kamba, ila hawa ni wadogo mno na makao yao ni maji baridi, yale yasiyo na chumvi. Aliyechunguzwa zaidi miongoni mwao ni dafnia, ambaye urefu wake kwa kawaida hauzidi milimita 5. Katika lugha nyingi huitwa kiroboto wa maji, na Kiswahili nacho kimelipokea jina hilo. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Kiroboto ni mdudu anayenyonya damu, ilhali dafnia si mdudu wala hanyonyi damu ya mtu. Huchuja mwani na bakteria majini, naye huliwa na samaki wachanga. Kinachowafananisha wawili hawa ni mruko tu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali ya mazingira inavyotawala upandanaji wa wanyama hawa. Kwa mazoea, binadamu hudhani kuwa jinsia hutangulia na mazingira hufuata: kwamba dume na jike wapo tayari, na kwamba mvua, joto au shibe huamua tu ni lini watakutana. Kwa dafnia, mpangilio huo umepinduliwa. Mazingira ndiyo yanayoamua iwapo kutakuwa na dume wa kupandana naye au la.

Jamii ya majike

Mambo yakiwa mazuri, yaani maji yakiwa na joto la kadiri, mwani ukiwa tele na nafasi ikiwa ya kutosha, jamii ya dafnia huwa ya majike watupu. Kila jike hutaga mayai yasiyorutubishwa na kuyatunza katika mfuko ulio mgongoni, chini ya gamba lake linalopenyeza mwanga. Kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, mayai hayo huchukua takribani siku 3 kukua na kuwa watoto kamili wanaoachiliwa majini. Watoto hao ni majike, nao ni nakala za mama yao kijeni. Baada ya siku chache nao huanza kuzaa. Yeyote aliyewahi kufuga dafnia kwa ajili ya kulisha samaki anajua jinsi ndoo iliyoanza na majike watano inavyofurika kwa muda mfupi.

Faida ya mpango huu ni dhahiri. Dume hazai. Jamii inayogawa nusu ya watoto wake kuwa madume huwa imepunguza nusu ya wazazi wa kesho. Mwanabiolojia Mwingereza John Maynard Smith aliufafanua ugumu huu katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu mageuko ya jinsia: ikiwa mambo mengine yote ni sawa, jike azaaye pekee yake atawashinda kwa idadi wale wanaohitaji madume, na atawashinda upesi. Kwa hiyo, jambo linalohitaji maelezo hapa si kwa nini dafnia huishi bila madume, bali kwa nini madume huzaliwa hata mara moja.

Ishara za dhiki

Katika miaka ya 1870 mwanasayansi Mjerumani August Weismann alishikilia kwamba zamu hii ya vizazi, majike pekee kwanza na madume baadaye, imekitwa ndani ya mnyama mwenyewe na kurithishwa. Miongo kadhaa baadaye, nchini Marekani, Arthur Banta aliwafuga dafnia na jamaa zao kwa mamia ya vizazi bila upandanaji wowote, kisha katika miaka ya 1920 akaonyesha kwamba majike waliosongamana katika chupa ndogo huanza kuzaa madume. Ilibainika basi kwamba hakuna saa ya ndani inayohesabu vizazi hadi zamu ya madume ifike. Uwezo wa kuzaa dume umo ndani ya mnyama. Amri ya kuutumia hutoka nje.

Amri hiyo haitolewi kwa neno moja. Mwaka 1965 Stross na Hill walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba msongamano peke yake hautoshi; ilihitajika pia siku fupi, yaani saa chache za mwanga. Mwaka 1992 Kleiven, Larsson na Hobæk waliongeza sharti la tatu kwa spishi ya Daphnia magna: siku fupi, msongamano na upungufu wa chakula, vyote vikiwa pamoja. Mtu anaweza kuuona ugumu huu kuwa urasimu wa bure, lakini ukitafakariwa unaleta maana. Msongamano pasipo njaa ni ishara ya neema. Njaa pasipo msongamano ina maana kwamba majike ni wachache, na dume atakayezaliwa huenda asipate wa kupandana naye. Siku fupi peke yake ni kalenda tu. Haisemi lolote kuhusu hali ya kidimbwi hiki mahususi. Ishara hizo tatu zinapokubaliana ndipo mnyama anapopata habari anayoweza kuiamini, kwamba hali inaharibika na kwamba wenzake wapo wengi.

Msongamano wenyewe hautambuliwi kwa kugusana tu. Maji yaliyotoka katika chombo kilichojaa dafnia yakimiminwa kwa jike aliye peke yake, jike huyo anaweza kuathirika kana kwamba amezungukwa na umati, kwa sababu maji hayo yamebeba kemikali za wenzake. Kemikali za adui nazo zina uzito. Mwaka 1995 mtafiti Mpoland Mirosław Ślusarczyk alionyesha kwamba maji yaliyokaliwa na samaki humfanya Daphnia magna aanze kutaga mayai ya kungojea, yaani yale yanayosubiri siku nyingine, hata kabla ya samaki mwenyewe kumfikia. Dafnia, kwa kauli fupi, huishi katika mchuzi wa habari.

Ndani ya mwili, habari hizo hugeuzwa kuwa homoni. Homoni inayohusika ni ya jamii moja na ile inayomzuia kiwavi asigeuke nondo kabla ya wakati wake. Ikipanda katika mwili wa jike wakati yai linakamilika, yai hilo hukua kuwa dume; isipopanda, huwa jike. Jeni za wawili hao hazitofautiani. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walitambua jeni ambayo, ikiwashwa katika kiinitete cha Daphnia magna, hukielekeza kuwa dume. Ikizimwa, kiinitete hukua kwa sura ya kike. Kwa hiyo kaka na dada waliozaliwa na mama mmoja wanaweza kuwa sawasawa kijeni, tofauti yao ikiwa ni hali ya maji ya siku ile mama alipokuwa akiyakamilisha mayai.

Hapa ndipo elimu hii inapogusa maisha ya watu. Kuna dawa za kuulia viluwiluwi vya mbu ambazo hufanya kazi kwa kuiga homoni hiyo ya wadudu. Mojawapo ni pairiproksifeni. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa nchini Japani mwaka 2003 yalithibitisha kwamba dafnia waliowekwa katika maji yenye kemikali za aina hiyo huzaa madume, na watoto kwa jumla hupungua, ingawa chakula kipo na nafasi ipo. Maji yanakuwa yamesema uongo. Madume wanazaliwa wakati wa neema, wakati ambapo kila mtoto alipaswa kuwa mzazi wa kesho, na wanaokosa ni samaki wachanga waliowategemea dafnia hao kwa chakula. Haifuati kwamba vita dhidi ya mbu visitishwe. Malaria si jambo la kufanyia mzaha. Ila anayemimina dawa kidimbwini hana budi kujua ni nani mwingine anayeisikia.

Tandiko

Madume wakishazaliwa, majike nao hubadilika. Wengine huacha kutaga mayai ya kawaida na kutaga mawili tu yanayohitaji kurutubishwa. Dume, ambaye ni mdogo kuliko jike, ana antena ndefu za mbele na kulabu katika jozi ya kwanza ya miguu. Kwa vifaa hivyo humng'ang'ania jike anayeogelea. Hakuna uchumba wa kueleza zaidi ya hapo.

Kinachofuata ndicho cha ajabu. Sehemu ya gamba la mgongoni hunenepa na kuwa nyeusi, ikayafunika mayai yale mawili. Wataalamu walikipa kifuko hicho jina la Kilatini lenye asili ya Kiyunani na maana ya tandiko la farasi, kwa jinsi kinavyokaa mgongoni. Kiswahili hakina haja ya kuazima. Tandiko ni neno letu la siku nyingi, na yeyote aliyemwona punda wa Lamu ataielewa sura yake. Jike anapojivua gamba, tandiko hubanduka likazama topeni au likaelea hadi ufukoni. Huko hustahimili ukavu na baridi kali, na linaweza hata kupita salama katika tumbo la ndege au samaki na kufikishwa kwenye maji mengine. Yai la kawaida haliwezi hata moja kati ya hayo.

Wahenga walisema akiba haiozi, na hapa kauli hiyo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa. Mwaka 2014 kikundi cha watafiti kilitangaza kwamba kilifanikiwa kuangua mayai ya dafnia kutoka tope la ziwa moja la Minnesota, Marekani, mayai yaliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 700 hivi. Mama zao walipandana kabla Wareno hawajafika Mombasa.

Jambo linalounganisha upandanaji na dhiki ni hili: mtoto wa kupandana si nakala. Ataamka katika maji ambayo mama yake hakuyajua, pengine yenye vimelea vipya, na haijulikani ni mchanganyiko upi wa jeni utakaofaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu bwawa moja la Ubelgiji ulilipa wazo hili uzito. Watafiti waliwafufua kutoka tabaka za tope dafnia wa miaka mbalimbali pamoja na bakteria waliowashambulia, wakawakutanisha. Bakteria waliwaambukiza vizuri zaidi dafnia wa zama zao, kuliko dafnia wa zama zilizotangulia au wa zama zilizofuata. Mwenyeji na kimelea walikuwa wakifukuzana mwaka baada ya mwaka, na asiyebadilika angeachwa nyuma.

Wale ambao daima wana madume

Si krasteshia wote wadogo wanaoishi hivi. Katika madimbwi ya msimu ya nchi kame za Afrika, wamo viumbe wa jenasi ya Streptocephalus, wenye madume na majike wakati wote. Kwao mvua haiamui jinsia, bali huweka muda wa mwisho. Mayai huanguliwa mara dimbwi linapojaa, na kabla halijakauka ni lazima wakue, wapandane na kuacha mayai mengine udongoni.

Mfano mwingine, ulio na utajiri zaidi, hutoka katika mito na vijito vya Ulaya, kwa mnyama aitwaye Gammarus, mwenye mwili uliopinda na urefu wa sentimita 1 hadi 2 hivi. Jike wa Gammarus huweza kupandwa kwa muda mfupi tu, mara baada ya kujivua gamba, kabla jipya halijakauka. Kwa sababu hiyo dume hamngojei kwa mbali. Humkamata mapema, akambeba chini ya kifua chake kwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya juma, hadi siku ya kujivua gamba ifike. Ulinzi huo una gharama, na gharama hupangwa na mazingira. Maji yakiwa baridi, muda kati ya kujivua gamba mara moja na nyingine hurefuka, na safari ya kubebana nayo huweza kurefuka. Mkondo ukiwa na nguvu, dume mdogo hushindwa kuogelea na mzigo. Ndiyo maana watafiti wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipendekeza kwamba mkondo ni mojawapo ya sababu za madume waliobeba kuwa wakubwa kuliko majike wao.

Adui naye ana kauli. Jozi iliyoshikana ni windo kubwa na zito. Utafiti uliofanywa kwa spishi ya Gammarus duebeni na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa madume waliohisi hatari ya kuliwa walisita kuwashika majike ambao katika hali ya usalama wangewashika bila kufikiri mara mbili. Aidha, sumu ikiingia mtoni, jozi huachana. Jambo hili limekuwa la manufaa kwa wachunguzi wa maji: tangu miaka ya 1990 kuachana huko kumetumiwa kama kipimo cha uchafuzi, kwa kuwa dume humwachia jike hata pale sumu ilipo kidogo mno kuweza kumuua yeyote kati yao. Ndoa, ikiruhusiwa kuitwa hivyo, huvunjika kabla ya kifo kuonekana.

Yaliyotokea Naivasha

Mpaka hapa, maelezo yamejengwa zaidi juu ya nchi zenye majira manne. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: ishara ya siku fupi ina maana gani mahali ambapo siku hazifupiki? Ziwa Naivasha liko chini ya digrii moja kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya siku yake ndefu zaidi na fupi zaidi haifiki dakika 10. Kalenda ya jua huko ni sauti hafifu mno, na ni mantiki kwamba uzito ubaki kwa njaa, msongamano na mabadiliko ya maji yenyewe.

Na maji ya Naivasha hubadilika kwelikweli. Historia ya ziwa hili, iliyosomwa na Dirk Verschuren na wenzake katika tope la kasoko ya Crescent Island na kuchapishwa mwaka 2000, inaonyesha kupanda na kushuka kwa miaka 1,100, ikiwa ni pamoja na vipindi virefu vya ukame. Katika kumbukumbu za karibuni, ziwa lilishuka sana mwaka 2009, kisha mwaka 2020 likafurika na kuingia katika makazi ya watu. Kwa nadharia iliyoelezwa hapo juu, hapa ndipo mahali ambapo mnyama mwenye madume, mchanganyiko wa jeni na akiba kubwa ya matandiko angepaswa kutamba.

Tope lilisimulia kinyume. Mwaka 2006 Joachim Mergeay, Verschuren na Luc De Meester, watafiti kutoka Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa jeni zilizosalia katika matandiko ya tabaka za Naivasha. Walibaini kwamba zamani ziwa lilikuwa na dafnia wenyeji wa Afrika, wa kundi la Daphnia pulex, waliopandana na kuwa na jeni za aina nyingi. Kisha, katika miaka ya 1920, akatokea mgeni wa asili ya Kimarekani, chotara wa spishi mbili. Mwishoni mwa muongo huohuo samaki wa Kimarekani aina ya bass walipandikizwa ziwani. Mgeni huyo alikuwa kloni moja: nakala ya jike mmoja, isiyopandana. Katika muda wa miaka 60 wenyeji walitoweka ziwani, ingawa awali walikuwa wengi kupindukia na tope liliendelea kuangua mayai yao. Watafiti walipochunguza sehemu nyingine za Afrika walimokuwa wakiishi dafnia hao wenyeji, walimkuta mgeni yuleyule, kloni ileile.

Siri mojawapo imo katika tandiko. Dafnia wa kawaida analazimika kumngoja dume ili atage mayai ya kungojea. Kloni za namna hii zimeliondoa sharti hilo: hutengeneza tandiko lenye mayai yasiyorutubishwa, yenye uwezo wa kungoja topeni kama mengine. Zimebaki na akiba, zikaitupa gharama ya dume. Msongamano ukija, njaa ikija, kloni husikia ishara ile ile waliyoisikia wenyeji, nayo huiitikia kwa kujinakili.

Kuhusu madume, kuna jambo moja la kuongeza, lililobainishwa na watafiti wa Daphnia pulex wa Amerika Kaskazini mwaka 1988. Baadhi ya kloni zisizopandana bado huzaa madume hali ikiwa mbaya, madume ambao majike wa kloni yao hawawahitaji. Madume hao huweza kupandana na majike wa jamii jirani zinazopandana, na huwapitishia jeni inayozuia upandanaji. Baadhi ya binti zao hawatamhitaji dume tena.